Shangazi, fundi ananificha kazi na bosi anataka nijaze daftari la uongo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanagenzi wa uhandisi mitambo kwenye kiwanda cha vifungashio. Darasani nimeshamaliza, huu ni mwaka wangu wa kukaa kiwandani. Tangu nifike nimepangwa idara ya matengenezo, chini ya fundi mmoja mkongwe ambaye humu ndani kila mtu anamwita Mzee. Yeye ndiye anayezijua mashine zote. Laini ikisimama, hata meneja hamuulizi mtu mwingine.

Tatizo ni kwamba Mzee hanifundishi. Kazi ikianza ananiambia, "Kalete spana namba kumi na tisa." Nikirudi na spana nakuta kifuniko kimeshafunguliwa na kilichokuwa ndani kimeshatolewa. Ananituma tena: grisi, matambara, tochi. Mwisho wa yote ni ufagio. Nikimuuliza amejuaje kwamba ubovu uko kwenye beringi na si kwenye mota, ananijibu, "Utazoea." Siku nyingine hanijibu kabisa. Wenzangu wawili waliopangwa karakana ya uchongaji tayari wanasimama kwenye lethi wenyewe. Mimi hadi leo sijawahi kufungua hata nati moja ya maana.

Nilijaribu kumwonyesha kwamba si mbumbumbu. Siku moja alikuwa anapachika beringi mpya kwenye shafti (mhimili unaozunguka) ya konveya, mkanda unaosafirisha bidhaa, kwa nyundo na kipande cha bomba. Nikamwambia pale pale, mbele ya waendesha mashine waliokuwa wakisubiri laini iwashwe, kwamba kitaalamu beringi hupashwa moto, haigongwi. Waendesha mashine wakacheka. Mzee hakusema neno, akamaliza kazi yake. Tangu siku hiyo hata spana haniagizi, anaifuata mwenyewe. Shangazi, nilisema kweli, na kitabu ninacho.

Jambo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Nina daftari la mafunzo, lile ambalo kila kazi niliyofanya inaandikwa na kusainiwa, na mwishoni wakaguzi kutoka chuoni hulipitia. Lina kurasa nzima hazina kitu: kubadilisha beringi, kulinganisha shafti ya mota na ya pampu, kutenga mashine na umeme kabla ya matengenezo, kusoma mchoro wa mfumo wa haidroliki. Juzi msimamizi wa idara ameliona, akasema, "Wewe jaza tu. Andika umefanya, leta nisaini, usituletee aibu kwa wakaguzi." Alisema kwa wema, kama mtu anayenisaidia. Akaongeza kwamba daftari likishakamilika nitaanza kuingia zamu ya usiku, ambako huwa kuna fundi mmoja na mwanagenzi mmoja basi.

Nikijaza nimedanganya. Nisipojaza huenda nisimalize mafunzo, na nitakuwa nimemkosea mtu pekee humu ndani anayeniuliza habari za asubuhi. Binamu yangu anasema niachane na makelele haya, niombe kuhamia ofisi ya michoro nikae kwenye kompyuta, maana huko ndiko uhandisi uliko. Kuna siku naona ana hoja.

Je, Mzee ananichukia? Nijaze daftari? Nihame?

Mikono Misafi

*

Marahaba, Mikono Misafi.

Kabla ya kushika kalamu hii nilikuwa fundi wa matengenezo, tena wa zamu, kwa hiyo jina ulilojipa limenichekesha kwanza, huruma ikaja baadaye. Maswali yako nitayapindua. Tuanze na la daftari kwa sababu ndilo lenye hatari. Mzee tutamfikia, na kuhusu ile nyundo nina mengi ya kukuambia.

Usijaze.

Kwenye orodha yako ya kurasa tupu umeutaja mstari mmoja kwa kupita tu, katikati ya mingine: kutenga mashine na umeme kabla ya matengenezo. Mwanangu, huo si mstari kama mingine. Kubonyeza kitufe cha kuzima si kutenga. Kutenga ni kwenda kwenye swichi kuu ya mashine ile, kuizima, kuifunga kwa kufuli yako wewe ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwako na si kwa mtu mwingine, kutundika kibao chenye jina lako, kisha kuiondoa nguvu iliyojificha ndani. Hewa iliyoshindiliwa kwenye silinda. Shinikizo la mafuta ya haidroliki. Springi iliyobanwa, mzigo ulioinuliwa juu, umeme unaobaki kwenye kapasita za kidhibiti cha mota dakika kadhaa baada ya swichi kuzimwa. Halafu inakuja hatua ambayo watu huiruka: unarudi kwenye kitufe cha kuwashia, unakibonyeza, unahakikisha kweli haiwaki. Mkiwa wawili kwenye mashine, ziwepo kufuli mbili. Mkiwa watano, tano.

Sasa jione kwenye ile zamu ya usiku uliyoahidiwa. Fundi yuko kwenye kompresa mwisho wa kiwanda. Konveya imekwama, mtu wa uzalishaji anafoka kwamba lori limeegeshwa nje linasubiri mzigo. Anaangalia rekodi, anaona jina lako na saini kwamba kazi hii unaiweza, anakutuma. Wala hatakuwa mtu mbaya; ameamini kilichoandikwa. Na likitokea la kutokea, rekodi za mafunzo huwa ni miongoni mwa karatasi za mwanzo kuombwa, na saini ya msimamizi wako itakutwa pale pale chini ya maandishi yako. Ukikataa kujaza unamkinga na yeye, hata kama leo haoni hivyo.

Lakini si lazima kurasa zibaki tupu. Kati ya "sijagusa" na "nimefanya" kuna nafasi kubwa, na wewe umeshasimama ndani yake muda wote huu ukidhani hujafanya chochote. Mbele ya kila kazi andika moja kati ya haya: nimeshuhudia, nimesaidia, nimefanya nikisimamiwa, nimefanya peke yangu. Umeshuhudia beringi zikibadilishwa? Iandike hivyo, tena kwa undani: konveya ipi, upande upi, namba ya beringi, dalili zilizoonekana kabla, kilichokutwa baada ya kufungua. Mkaguzi anayeijua kazi ataliheshimu daftari lenye "nimeshuhudia" nyingi zilizoandikwa hivyo kuliko lenye "nimefanya" tupu kuanzia juu hadi chini. La pili atalitilia shaka kabla hajafika ukurasa wa tatu, na hapo swali lake la kwanza litakuwa la mdomo. Huko Ujerumani, ambako mafunzo ya fundi mitambo wa viwandani huchukua miaka mitatu na nusu, mwanagenzi anatakiwa kuandika ripoti za kazi zake kipindi chote, na bila ripoti hizo haingii mtihani wa mwisho. Hazitakiwi kwa ajili ya kupamba kabati.

Kwa msimamizi usiende na hotuba ya uaminifu. Usimwambie "siwezi kudanganya," kwa sababu utakuwa umemwita mdanganyifu, na kwa maelezo yako mwenyewe alitaka kukusitiri. Mpelekee njia ya kutokea. Mwambie: "Bosi, nashukuru kwa kunijali. Mistari hii naogopa mkaguzi akiniuliza nitashindwa kujibu, na aibu itakuwa yetu sote. Naomba unipangie nne tu nizifanye kwa mikono yangu kabla hawajaja. Nyingine nitaandika nimeshuhudia." Chagua hizo nne mwenyewe kabla hujaingia ofisini kwake, na ya kwanza iwe kutenga mashine. Hiyo haihitaji kitu kiharibike. Kuna matengenezo ya kinga yaliyopangwa kwenye kalenda ya idara, na kila moja linaanza kwa kufunga kufuli. Mwombe pia kwa uwazi kabisa usiingie usiku hadi mstari huo uwe na saini ya kweli. Kama kwa hilo tu atakasirika, kasirikeni wote wawili, lakini usiingie.

Haya, Mzee.

Unasema alikuwa anaigonga beringi kwa nyundo na kipande cha bomba, na wewe ukasema beringi hupashwa moto. Kitabu chako hakikosei. Beringi inayokaa kwa kubana kwenye shafti hupashwa hadi nyuzi kama 110 za Selsiasi, na watu waangalifu hawazidishi 120, ili tundu lake litanuke. Chuma hutanuka kwa karibu mikromita 12 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Piga hesabu: tundu la milimita 50 likipashwa nyuzi 80 zaidi ya shafti linafunguka takriban milimita 0.05. Kwa macho huoni tofauti, ila beringi inateleza yenyewe hadi mahali pake bila nyundo. Vizuri.

Sasa nikuulize: lile bomba lilikuwa limegusa wapi?

Kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na somo lote, na wewe ulikuwa unatazama nyundo. Beringi ndogo hupachikwa baridi kila siku, na watengenezaji wenyewe wa beringi huuza seti za kazi hiyo: bomba fupi, ringi za kusukumia, na nyundo isiyodunda ikigonga. Kinachokatazwa si kugonga. Kinachokatazwa ni nguvu kupita kwenye gololi. Beringi ikiwa inabana shafti, unasukuma ringi ya ndani. Ikiwa inabana hausingi, yaani kasha linaloishika kwa nje, unasukuma ringi ya nje. Ukikosea ukasukuma ringi isiyostahili, kila pigo linaifanya gololi ichimbe kishimo kidogo kwenye njia yake. Beringi inaanza kuunguruma ingali mpya, na itakufa kabla ya wakati wake. Mtu anayetafuta kipande cha bomba badala ya kugonga moja kwa moja tayari anafikiria nguvu ipite wapi. Kama bomba lile lilikuwa na kipenyo cha kukaa juu ya ringi ya ndani peke yake, Mzee alikuwa anafanya kazi sahihi kwa kifaa alichojitengenezea, na wewe ukamsahihisha mbele ya watu kwa kosa ambalo hakulitenda. Kama lilikaa vibaya, ulikuwa na haki ya kusema, ila si pale.

Kwa vyovyote vile, Mzee hakuchukii kwa nilivyosoma barua yako. Amefedheheshwa. Waendesha mashine wale ndio wanaomwita laini ikisimama usiku, na heshima yao kwake ni sehemu ya zana zake za kazi. Mfuate mkiwa wawili tu, mwanzo wa zamu. Mwamkie kama kawaida. Kisha: "Mzee, siku ile ya beringi nilisema mahali pasipofaa. Naomba radhi." Ishia hapo. Usiongeze "lakini kitabu kinasema." Usiongeze chochote.

Ila radhi peke yake haitakufundisha kazi, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu naona umelielewa vibaya lile "utazoea." Umelichukua kama mlango uliofungwa. Wapo mafundi wanaoficha ujuzi kwa makusudi, sikatai, hasa pale wanaponong'onezwa kwamba vijana wenye vyeti wameletwa kuwarithi. Chunguza kama kuna minong'ono ya aina hiyo kiwandani kwenu. Lakini wengi zaidi hawafichi. Hawana maneno. Fundi aliyesikiliza mota ileile kwa miaka anajua beringi imechoka kabla hajajua kwamba anajua. Mkono wake umegusa ukaona joto lisilo la kawaida, sikio limeokota mkwaruzo, pua imenusa grisi iliyoungua, na hayo yote yamekuwa uamuzi mmoja kabla hajafika kwenye sanduku la spana. Ukimuuliza "umejuaje?" unamtaka afumue kitu ambacho kwake hakina nyuzi. Anajibu "utazoea," na kwa upande wake amekupa jibu la kweli.

Basi badilisha swali. Acha "umejuaje," acha kabisa "nifundishe." Bashiri. Mashine ikisimama, kabla hajafungua, amua kimoyomoyo ubovu uko wapi na kwa nini. Kazi ikiisha, mnanawa mikono, mwambie: "Mzee, mimi nilidhani ni mota, kwa sababu niliigusa nikaona ina moto." Fundi mzuri anaweza kuvumilia kimya cha saa nane, lakini jibu lisilo sahihi hawezi kuliacha lipite. Atakuambia mota ile siku zote ina moto kiasi hicho. Au atakuambia joto lilikuwa upande mmoja tu. Hapo amekufundisha, na hakuna aliyetamka neno kufundisha. Nenda kaandike.

Na uache kurudi mikono mitupu kwenye maongezi hayo. Kila kiwanda kina pipa la vyuma chakavu karibu na karakana, na humo ndimo lilimo darasa lako. Kwa kuwa sasa una muda wa kutosha, kwa huzuni yako, omba ruhusa uchukue beringi zilizotupwa. Soma kwanza namba iliyochongwa ubavuni. Tuseme ni 6205. Tarakimu ya kwanza, 6, inasema ni beringi ya gololi ya mfereji wenye kina. Ya pili ni uzito wa umbile lake. Yenye 3 pale ni nene na pana kuliko yenye 2 ya tundu lilelile. Mbili za mwisho zidishe kwa 5: 05 ni tundu la milimita 25. Kwa hiyo 6308 tundu lake ni 40. Kanuni hiyo inaanzia 04. Chini ya hapo kariri: 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Ukishajua hilo, siku Mzee akisema "hii ni ya ishirini na tano" utakuwa umeshafika stoo.

Kisha ifungue na utazame njia ya gololi. Vaa miwani ya usalama, na usiipasue kwa nyundo, chuma kile kimegumishwa na vipande vyake huruka. Wape vijana wa karakana waikate. Ukikuta ringi imegeuka rangi ya kahawia au buluu, ilipata joto kali, mara nyingi kwa kukosa kilainishi. Grisi nyingi kupita kiasi nayo hupandisha joto. Ndani ya hausingi nafasi ya wazi hujazwa theluthi hadi nusu, si pomoni. Ukikuta alama ya kuchakaa haikwenda sawa kuzunguka ringi, inapanda upande mmoja na kushuka mwingine, shafti na hausingi havikuwa vimelingana. Vishimo vilivyopangana kwa umbali sawa na ule wa gololi: iligongwa vibaya ikipachikwa, au mashine ilikaa imezimwa huku ikitikiswa na jirani yake. Na ukikuta mistari myembamba iliyojipanga sambamba kukatiza njia nzima, umeme umekuwa ukipita ndani ya beringi, jambo linalojitokeza kwenye mota zinazoendeshwa na vidhibiti vya kasi vya kielektroniki. Hiyo ya mwisho ukiikuta, mpelekee Mzee mkononi bila maneno mengi. Kuna mafundi waliobadilisha beringi ya mota moja mwaka hadi mwaka bila kupata nafasi ya kuikata waone ndani. Huenda safari hiyo ukawa wewe uliyemletea kitu, na mazungumzo yakabadilika yenyewe.

Kuhusu ufagio sina mengi, na nisingependa kukuhubiria. Ufagie. Ila tazama unachokifagia. Tone la mafuta chini ya pampu linatoka mahali fulani. Vumbi la mpira mweusi chini ya mkanda ni mkanda unaojila, pengine kwa sababu puli mbili hazikukaa mstari mmoja. Bolti iliyolala sakafuni ina tundu lake lililobaki wazi juu yako. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota anayetajwa kama mjenzi wa mfumo wao wa uzalishaji, anasimuliwa kwamba alikuwa akimchorea mtu duara la chaki sakafuni na kumwacha asimame humo kwa saa nyingi akitazama tu kazi inavyokwenda, kisha anarudi kumuuliza ameona nini. Jibu likiwa dogo, mtu anaendelea kusimama. Wewe hujachorewa duara, umepewa ufagio, na angalau unaweza kutembea.

Lakini subira ina mpaka, usinisome vibaya. Ukishaomba radhi, ukabashiri, ukaleta vyuma vyako, na mwezi mzima ukapita bado Mzee anakuzunguka, nenda kwa mratibu wa mafunzo. Kabla ya hapo usome mkataba wako, kitu ambacho nina wasiwasi ulikisaini bila kukisoma. Uanagenzi tangu zamani ni deni la pande mbili. Chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1563 kijana alifungwa kwa bwana wake si chini ya miaka saba, na mkataba wenyewe uliandikwa mara mbili kwenye kipande kimoja, ukakatwa kwa mkato wa meno-meno, kila upande ukabaki na nusu yake. Likitokea la kubishana, nusu mbili zikaunganishwa waone kama meno yanaingiana. Bwana alikuwa na utumishi wa kijana, na kijana alikuwa na haki ya kufundishwa kazi. Wako umepigwa chapa na kompyuta, lakini vifungu vya upande wa pili vimo. Ukifika kwa mratibu usiseme "Mzee hanifundishi." Sema "kazi hizi nne bado sijazifanya, na hizi ndizo tarehe nilizoomba, naomba nipangiwe." Mratibu akisikia shtaka atahangaika na nani ana kosa, na Mzee mwenyewe ataitwa ofisini. Akisikia ombi atafungua ratiba.

La binamu yako nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo jepesi. Ofisi ya michoro ni mahali pazuri na uhandisi uko kule kweli, kama ulivyo kwenye stoo ya vipuri na kwenye chumba cha vipimo. Omba upite huko, wiki chache, mwishoni mwa mwaka wako. Usiende sasa kwa kukimbia. Mchoraji anapoandika H7, alama ya usahihi wa kipimo, kwenye tundu la milimita 25 anamwambia mtu wa mashine kwamba ana milimita 0.021 tu za kuchezea, na kuna wanaoiandika kila mahali kwa sababu inapendeza, bila kujua inagharimu saa ngapi za kazi. Nimewahi kufungua mashine ambayo aliyeichora hakuacha hata nafasi ya kuingiza pula ya kuvutia beringi. Tulikata ukuta wa hausingi kwa grainda ili tuitoe. Nilitamani sana kukutana na yule bwana, na nina hakika hajawahi kutoa beringi maishani mwake.

Msimamizi mwone kesho, mapema, kabla zamu haijaanza kusumbua. Laini ikishasimama hatakuwa na masikio ya kukusikiliza. Na uende na daftari lenyewe, limefunguliwa kwenye ukurasa wa kutenga mashine.